Deksa au predni? Ulinganisho kwa wanaouguza wagonjwa wa saratani

"Dada, hivi si vyote steroidi? Vya mama vimekwisha tangu juzi, na jirani anavyo. Nimpe vya jirani?"

Swali hili hunifikia mara kwa mara hapa Pemba. Anayeuliza huwa ni binti au mke wa mgonjwa, amekaa kwenye benchi, mkoba wa ukili mapajani, ndani yake dawa zimefungwa kwenye kitambaa. Jibu langu huanza na ndiyo, likaishia na hapana. Ndiyo, deksamethasoni na prednisoloni, yaani deksa na predni kama tunavyoziita wodini, ni za ukoo mmoja. Wote wawili, pamoja na ndugu yao haidrokotisoni, wanaiga kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hapana, hazibadilishwi kidonge kwa kidonge.

Watu wengi, hata wenzangu wa kazi, wakilinganisha dawa hizi huuliza ipi kali. Mimi naanza kwengine: imewekwa kwa kazi gani, itakaa mwilini muda gani, nani nyumbani ataihesabu, na siku ya kuiacha imepangwa vipi. Kuandika ni kwa daktari. Lakini anayeiona ikimponya mtu au ikimharibu ni muuguzi na yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa, na hao ndio ninaowaandikia.

Kwanza hesabu, maana bila hii mengine hayashiki:

| | Haidrokotisoni | Predni | Deksa |
|---|---|---|---|
| Dozi zenye nguvu sawa | 20 mg | 5 mg | 0.75 mg |
| Muda wa kazi mwilini | saa 8 hadi 12 | saa 12 hadi 36 | saa 36 au zaidi |
| Kushika chumvi na maji | zaidi | kiasi | karibu hakuna |

Idadi ya vidonge si dozi

Kulikuwa na bwana mmoja aliyerudi kutoka kupigwa mionzi Dar es Salaam. Saratani yake ilikuwa imefika kwenye ubongo. Alipewa deksa ya 4 mg, kimoja asubuhi na kimoja mchana, ili kupunguza uvimbe kichwani, na alikuja kwetu akitembea mwenyewe. Vidonge vikamwishia. Mkewe akaenda duka la dawa, akauliza deksa, akapewa deksa. Akampa kimoja asubuhi na kimoja mchana, vile vile alivyoelekezwa.

Siku ya tatu waliletwa na gari ya jirani. Kichwa kimerudi kumuuma, anatapika kila akiamka, na kikombe cha chai kinamponyoka mkono wa kushoto. Nikamwomba mke anioneshe dawa. Nikaweka karatasi ya vidonge ya zamani na ile mpya mezani, ubavu kwa ubavu. Jina lile lile, herufi zile zile. Chini yake, kwa maandishi madogo, moja imeandikwa 4 mg na nyingine 0.5 mg. Kutoka 8 mg kwa siku alikuwa ameshuka hadi 1 mg bila mtu kujua. Ili kupata dozi yake kwa vidonge vile vipya alihitaji 8 asubuhi na 8 mchana.

Yule mama alilia, akadhani yeye ndiye aliyekosea. Hakukosea. Kwenye kadi yake kulikuwa kumeandikwa "deksa 1x2" tu, bila miligramu, na mwandiko ule ulikuwa wa upande wetu. Tangu siku hiyo siandiki idadi ya vidonge peke yake. Naandika: "Deksa, kidonge cha 4 mg, kimoja saa mbili asubuhi, kimoja saa sita mchana, baada ya kula, hadi tarehe fulani." Halafu namwomba anayeuguza anisomee.

Sasa rudi kwenye vidonge vya jirani. Deksa 8 mg ni sawa na predni ya takriban 53 mg, yaani vidonge 10 au 11 vya 5 mg. Anayebadilisha kimoja kwa kimoja anampa mgonjwa chini kidogo ya sehemu ya tano ya dawa yake. Akikosea upande wa pili, akatoa deksa ya 4 mg pahali pa predni ya 5 mg, amempa mara tano na zaidi.

Hesabu hutisha upande mwengine pia. Mgonjwa wa limfoma, saratani ya tezi za limfu, anayetibiwa kwa mseto wa dawa uitwao CHOP hupewa predni 100 mg kwa siku, siku 5. Hivyo ni vidonge 20 vya 5 mg kiganjani kwa mara moja. Nimeshaona mzee akiviangalia, akavirudisha kumi na minane kwenye chupa, akameza viwili, akasema vinamtosha. Kwake predni si dawa ya kupunguza uvimbe tu: ni sehemu ya matibabu yenyewe, maana huua chembe za saratani za limfoma. Anayeipunguza kwa khofu anaipunguza kemo yake, yaani dawa za kuua saratani. Basi mwambieni mapema kwamba vitakuwa vingi, na kwa nini.

Kazi ipi, dawa ipi

Uvimbe wa ubongo, au saratani iliyobana uti wa mgongo: hapa deksa ndiyo inayotakiwa, kwa sababu haishiki chumvi na maji kama predni, na inakaa muda mrefu. Mgonjwa wa saratani akianza kusema miguu inakufa ganzi, mgongo unamuuma usiku, au mkojo hauji ama hauzuiliki, hilo ni jambo la saa, si la wiki. Kawaida huanziwa deksa 16 mg kwa siku huku akipangiwa mionzi. Na kwa sisi wa kisiwani, ambao mionzi kwetu maana yake ni kuvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, deksa ndiyo inayoilinda miguu yake njiani. Nisingependa asubiri miadi.

Kichefuchefu cha kemo: deksa tena, 8 hadi 12 mg siku ya dripu, pamoja na ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika. Inasaidia vizuri, lakini usiku ule halali, na siku ya tatu au ya nne, deksa inapokwisha, anaanguka: amechoka, hana raha, analia bila sababu. Jamaa hudhani kemo imemzidi. Wakiambiwa kabla, huwa hawapatwi na fadhaa.

Wanaotumia dosetakseli, mojawapo ya dawa za kemo, wana deksa yao: 8 mg mara mbili kwa siku kwa siku 3, kuanzia siku moja kabla ya dripu. Kwa mtu wa Pemba anayetibiwa ng'ambo, siku ya kuanza vidonge ndiyo siku ya kuvuka. Viwe mkononi, si kwenye begi lililowekwa chini ya boti. Na muuguzi anayefungua dripu aulize kwanza: "Umemeza jana? Ngapi?" Asiyemeza anaweza kuvimba au kupatwa na mzio, na bora dripu ichelewe.

Hamu ya chakula na uchovu wa saratani iliyokwisha kuenea: hapa deksa ndogo au predni, yoyote yafaa, na uchaguzi unakuwa wa maisha ya nyumbani zaidi. Faida yake hudumu wiki chache, kisha hufifia, madhara yakabaki. Kama wiki moja au mbili imepita na mgonjwa hali chakula zaidi ya mwanzo, napendekeza kwa daktari iondolewe. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu ya jambo moja la kwetu. Steroidi huufanya uso uwe wa mviringo, mashavu yakajaa, na wageni wakija kumtazama mgonjwa husema, "Mashaallah, amenawiri." Familia inafurahi, na hakuna anayetaka dawa iachwe. Ule si unene wa afya. Mtazameni mapaja na mikono, si mashavu.

Haidrokotisoni sina mengi ya kuisema hapa. Ni ya sindano ya dharura, na ya kumrudishia mwilini kotisoli aliyeikosa. Ila msiitangulize pale mgonjwa anapopatwa na mzio mkali katikati ya dripu, midomo imevimba na pumzi inakatika. Fungeni dripu, na cha kwanza ni adrenalini, 0.5 mg kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja. Haidrokotisoni inafuata nyuma.

Kuinuka kutoka sijda

Ukiniuliza tofauti ipi baina ya deksa na predni inayosahauliwa zaidi, nitakwambia mapaja. Steroidi yoyote ikikaa wiki nyingi hudhoofisha misuli ya mapaja na mabega, lakini deksa hufanya hivyo zaidi. Mgonjwa hasemi "misuli yangu imedhoofika." Husema, "Mwanangu, siku hizi naswali nimekaa." Ukimuuliza kwa nini, anakwambia akishuka sijda haondoki ila ashikilie ukuta. Au hawezi kuinuka chooni akichuchumaa. Au kutoka kwenye mkeka anavutwa na wajukuu wawili.

Kwa hiyo siwaulizi wagonjwa wangu kama wana nguvu. Nawaomba wainuke kitini mikono wameifunga kifuani. Asiyeweza, na wiki iliyopita aliweza, naandika kwenye faili na kumwambia daktari siku ile ile. Mara nyingi dozi inaweza kushushwa, na kama steroidi itahitajika kwa miezi, predni huwa afadhali kwa misuli kuliko deksa.

Mara moja asubuhi, au mgawanyo

Zote mbili zipewe asubuhi baada ya kula, hata kama ni boflo na chai tu. Kwa kuwa deksa inakaa zaidi ya siku mwilini, sioni sababu ya kuigawa mara nne. Mara moja, au mara mbili na ya pili isipite saa nane mchana, inatosha kwa wengi. Ikitolewa jioni, mgonjwa atakesha, na aliye naye atakesha. Wazee wengine huanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka usiku, nyumba nzima ikadhani ana jambo jengine, wakaitwa waganga. Tazameni kwanza saa ya dawa.

Sukari ndipo dawa hizi zinapotofautiana kwa namna inayomdanganya mpimaji. Predni ya asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, kisha ikashuka usiku. Ukipima alfajiri kabla hajala unaona namba nzuri, unaandika "sukari sawa", na jioni ilikuwa juu sana. Mwenye predni apimwe kabla ya chakula cha jioni, au saa mbili baada ya chakula cha mchana. Deksa inaweza kuishikilia juu siku nzima, basi apimwe nyakati zote mbili. Ikipita milimoli 12 kwa lita mara mbili, daktari aitwe. Kiu isiyoisha na kukojoa kila mara visisingiziwe joto la kaskazi.

Kuhusu tumbo: hatari yake inakuwa kubwa pale steroidi inapokutana na diklofenaki au ibuprofeni, ambazo watu hununua wenyewe kwa maumivu. Ulizeni kila kilichomo mkobani. Choo cheusi kama lami ni dharura. Mtazameni pia mdomoni kila siku, kama kuna utando mweupe kwenye ulimi. Huo ni fangasi, unatibika, lakini mgonjwa huacha kula kimya kimya bila kusema anaungua.

Minyoo ya udongo wetu

Hili ni la kwetu hasa, na maelekezo mengi ya nchi za baridi huligusa kwa mstari mmoja. Pemba ina mnyoo mdogo wa strongiloide. Huingia kwa ngozi ya nyayo kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na tofauti na minyoo mingine huweza kuzaliana ndani ya mtu yule yule, akakaa naye miaka na miaka bila dalili ya maana, labda muwasho na tumbo la mara kwa mara. Steroidi ikishusha kinga, mnyoo huyu huongezeka bila kizuizi, akatoka utumboni kwenda mapafuni na kwengineko, akibeba bakteria wa tumboni hadi kwenye damu. Wengi wanaofikia hapo hufa. Na deksa na predni hazitofautiani katika hili. Zote zinaweza.

Albendazoli ya mara moja wanayopewa watoto wa skuli haimmalizi mnyoo huyu. Dawa yake ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 45 anahitaji vidonge 3 vya 3 mg. Zanzibar ilianza kugawa ivermektini pamoja na albendazoli kwa ajili ya matende mwaka 2001, na wazee wanakumbuka. Lakini kumeza zamani hakumkingi mtu na maambukizo mapya kwenye shamba la mpunga au la mihogo.

Kwa hiyo, mkulima anapoandikiwa steroidi itakayozidi siku chache, huwa namuuliza daktari: tumpime au tumpe ivermektini kwanza? Choo cha mara moja mara nyingi hakimuoni mnyoo huyu, ni lazima kipimwe tena, kwa njia ya kuotesha. Kisiwani tuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, Wawi, inayoshughulika na minyoo tangu 2000, basi si jambo la kusema haliwezekani. Mjamzito hapewi ivermektini bila daktari kuamua. Na anayehitaji deksa leo kwa uti wa mgongo asicheleweshwe kwa ajili ya choo: vifanyike pamoja.

Kifua kikuu kilicholala, na homa ya ini B, nazo huamka kwa steroidi. Na homa yenyewe hujificha. Mgonjwa wa kemo aliye kwenye deksa anaweza kuwa na maambukizo mazito na kipimo kikasoma 37.5 tu. Nyuzi 38 kwake ni safari ya hospitali usiku huo huo. Lakini hata bila nyuzi hizo, akibadilika tu, amezubaa, anatetemeka, pumzi zinakwenda mbio, mpelekeni.

Kidonge au sindano

Anayeweza kumeza ameze. Deksa ya kidonge inaingia mwilini vizuri, na sindano haina nguvu ya ziada ila kwa anayetapika au asiyemeza. Ikibidi sindano, soma kichupa: 4 mg kwa kila mililita, lakini kichupa kinaweza kuwa cha mililita 1 au 2.

Na isukumwe polepole. Nikiwa mgeni kazini nilimsukumia bibi mmoja deksa kwa haraka, akaruka, akashika kanga yake mapajani, akanikata jicho la aibu na khofu. Deksa ikisukumwa haraka kwenye mshipa huleta moto na muwasho mkali sehemu za siri kwa muda mfupi. Hakuna madhara ya kubaki, ila kwa bibi wa heshima, wodini, wanaume wako kitanda cha pili, ni udhalili. Siku hizi naichanganya kwenye mililita 50 za maji ya chumvi, naiacha ishuke kwa dakika 10 hadi 15, na namnong'oneza kabla.

Kuacha ghafla, au kushuka ngazi

Mwenye predni ya CHOP siku 5 anaacha siku ya tano, basi. Mwenye deksa ya siku mbili tatu za kemo, vile vile. Lakini aliyetumia zaidi ya wiki 3, au aliyepata zaidi ya predni 40 mg kwa siku (deksa 6 mg) kwa zaidi ya wiki moja, au anayerudiarudia vipindi, huyo anashushwa kidogo kidogo kwa mpango ulioandikwa. Zile tezi juu ya figo zimelala. Ukikata ghafla hakuna wa kutengeneza kotisoli: anakuwa hoi, kizunguzungu akisimama, anatapika, tumbo linauma, presha inaporomoka. Dawa yake ni haidrokotisoni 100 mg ya sindano na dripu, mara moja.

Kwetu dawa haiachwi kwa makusudi. Huisha. Bahari imechafuka, boti haikutoka, duka halina. Ndiyo maana nawaambia wanaouguza warudi vikibaki vya siku 7, wasingoje kidonge cha mwisho. Na anayetapika asiweze kumeza dawa yake kwa siku nzima asikae nyumbani.

Mwezi wa Ramadhani

Hapa ndipo ninapopata maswali mengi kuliko pengine popote, na nayapokea kwa heshima, maana kwa mgonjwa kufunga si jambo dogo. Mwenye deksa ya ubongo au uti wa mgongo, mwenye kemo inayoendelea, na ambaye sukari yake imepanda, hao nawaambia wazi wasifunge, na nawakumbusha kwamba aya ya 185 ya Suratul Baqara imemtaja mgonjwa. Yaliyobaki kuhusu kulipa au fidia ni ya sheikh wao.

Mwenye predni mara moja kwa siku, hali imetulia, na daktari amemkubalia, hapo kuna nafasi. Ameze wakati wa daku, na ale daku ya kweli, si maji na tende moja. Tulikuwa na bi mkubwa wa hivyo mwaka mmoja. Mwanawe alimpimia sukari kila siku kabla ya futari na tena saa mbili baadaye, akiandika kwenye daftari la skuli. Kumi la kwanza lilikwenda vizuri. Kumi la pili namba za usiku zikaanza kupanda: 13, kisha 15. Tambi za sukari, kaimati, juisi. Tukazipunguza, zikashuka kidogo tu. Siku ya kumi na saba aliamka na kizunguzungu akiwa bado hajaondoka mswalani, mwanawe akampigia simu daktari, na asubuhi ile alifungua kwa uji na vidonge vyake.